Birika Lijijazalo: Namna ya Kulichagua

Wafugaji wengi wametuuliza habari za vyombo vile ambavyo mnyama hujinywea mwenyewe, wala hapana mtu wa kumtekea. Wengine wameviona katika maonyesho ya wakulima, wengine katika picha wanazoletewa kwa simu. Wote wauliza neno moja: kipi kilicho bora? Twapenda kuwajibu, lakini twaomba watuwie radhi, maana jibu letu la kwanza ni swali. Maji yako yatoka wapi, nayo yashuka kutoka juu kiasi gani hata kufika penye kinywa cha mnyama? Asiyeweza kujibu hayo asinunue kitu kwanza.

Sisi wenyewe tulinunua kabla ya kujiuliza, na hasara tuliyoipata ndiyo iliyotufundisha haya tuyaandikayo.

Kwetu ni katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako ng'ombe hukaa bandani ndani ya kihamba, katikati ya migomba, akakatiwa majani na kuletewa. Ng'ombe wa namna hiyo hana njia ya kuyafuata maji mtoni, asipoletewa, hanywi. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa watatu na mitamba miwili. Sasa mjue ya kuwa ng'ombe atoaye lita 15 za maziwa kwa siku hutaka maji lita 60 hata 80, na siku za jua kali hupita hapo. Wala si ajabu, kwa kuwa katika kila sehemu 100 za maziwa, sehemu 87 ni maji matupu. Akamuliwaye lazima arudishiwe. Tulipofanya hesabu ya banda letu lote tuliona ya kuwa twahitaji karibu lita 270 kila siku, yaani ndoo kumi na tatu au kumi na nne za lita 20.

Na nani aliyezibeba ndoo hizo? Kijana wetu mwenye miaka kumi na miwili, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Mwalimu wake alituletea barua ya adabu sana, akieleza ya kuwa mtoto huyu hufika somo la kwanza likiwa limekwisha, tena husinzia katika la pili. Barua ile ilitutia haya, maana sisi ni watu wa kalamu, na kalamu hiyo tuliipata kwa kuwa wazazi wetu walikubali kubeba ndoo wenyewe. Basi tukaazimia kununua vyombo vijijazavyo.

Dukani tulionyeshwa mabakuli ya chuma, kila moja lina ulimi ndani yake. Ng'ombe hutia pua, husukuma ulimi, maji huingia. Akiinua kichwa, ulimi hurudi na maji hufunga. Tulistaajabu sana. Aliyetuuzia alituambia ya kuwa yafaa kwa ng'ombe wote na kwa maji yote. Tukachukua manne, tukaweka tangi la lita 1,000 juu ya kichanja cha mbao chenye kimo cha mita 2, fundi akafunga mabomba, na ng'ombe wakajifunza kusukuma ulimi kwa muda wa siku mbili tu. Kijana akafika shule mapema. Tukajiona watu wenye akili.

Haukupita muda mrefu maziwa yakaanza kupungua. Kwanza tulidhani ni majani, tukabadili majani. Kisha tukaona kinyesi kimekuwa kigumu, na ng'ombe mmoja, yule mpole kuliko wote, macho yake yameingia ndani. Tukaogopa ugonjwa, tukamwita bwana mifugo. Akampima joto, akamtazama ufizi, akaivuta ngozi ya shingo na kuiachia akiangalia itarudi upesi au polepole. Kisha hakutoa dawa. Aliomba ndoo na saa. Akausukuma ulimi wa bakuli kwa mkono wake, akayakinga yale maji, na sisi tukitazama saa. Lita 10 zilichukua dakika sita na zaidi.

"Ng'ombe wako si mgonjwa, bwana," akasema. "Ana kiu."

Hebu tueleze sababu yake, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Maji husukumwa na uzito wake yenyewe. Kadiri tangi lilivyo juu ya koki, ndivyo yasukumavyo kwa nguvu. Tangi likiwa juu mita 10, msukumo wake ni ule ambao mafundi huuita baa moja; likiwa juu mita 2, ni sehemu moja katika tano ya huo. Mabakuli tuliyonunua yalifanywa kwa ajili ya mashamba yenye maji ya bomba la mji au ya pampu, ambako msukumo ni baa mbili, tatu, na zaidi. Ili kuuzuia msukumo mkubwa hivyo, mwundaji hufanya tundu la kupitia maji liwe dogo sana, kama unene wa njiti mbili za kiberiti. Tundu hilo likipewa maji ya mita 2 hutoa lita moja na nusu hivi kwa dakika. Na ng'ombe mwenye kiu hunywa lita 10 na zaidi kwa dakika! Yeye halambi kama mbwa wala hafyonzi tone tone. Huzamisha midomo majini na kuvuta kwa nguvu. Akikuta bakuli limekauka, husukuma tena, hungoja, huchoka, huondoka. Naye mwenziwe mwenye pembe akisimama nyuma yake, huondoka upesi zaidi.

Tena iko saa yake ya kunywa. Ng'ombe wa maziwa hanywi kidogo kidogo mchana kutwa kwa kipimo kimoja. Sehemu kubwa ya maji yake huyataka mara tu akisha kukamuliwa na akisha kula. Basi hesabu ya kusema kwamba lita moja na nusu kwa dakika ni lita 2,160 kwa siku, nayo yatosha ng'ombe thelathini, ni hesabu ya karatasi. Karani aweza kuiandika vizuri sana, nasi tuliiandika. Ng'ombe hawakuisoma.

Kwa hiyo kabla ya kununua, pima. Chukua ndoo ya lita 10, ikinge penye mwisho wa bomba lako, hapo hapo patakapofungwa chombo, na mtu mwingine ashike saa. Kwa bakuli la ng'ombe wa maziwa ndoo hiyo yapasa ijae kwa dakika moja. Na ukikwisha kufunga bakuli, pima tena kwa kuusukuma ulimi, kwa sababu bomba laweza kutoa maji tele na bakuli likayabana, kama lilivyofanya letu. Mwuzaji akikataa kukuonyesha ni msukumo gani chombo chake chahitaji, au akisema hakina haja ya hayo, nenda duka jingine.

Bwana mifugo alitupa njia mbili. Ya kwanza ni kulihamisha tangi na kulipandisha mlimani, maana kihamba chetu kina mteremko mzuri. Jirani yetu mmoja amefanya hivyo. Tangi lake liko juu ya banda kwa mita 15, na mabakuli kama yale yale tuliyoyalaumu sisi yamtolea maji ya kutosha bila pampu wala mafuta. Watu wa milimani wasisahau jambo hilo. Babu zetu walichimba mifongo wakayatoa maji mbali mabondeni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima kwa mteremko tu. Mteremko ule ule bado uko, nao haudai malipo. (Lakini maji ya mfongo yana mchanga na takataka. Yapitishwe kwanza katika pipa la kutulia, kisha katika chujio, la sivyo kipande kidogo cha jani chatosha kuziba tundu la bakuli.)

Njia ya pili, ambayo sisi tuliichagua kwa kuwa mwisho wa juu wa kihamba ni wa ndugu yetu mwingine, ni birika lenye boya. Hiki ni chombo cha zamani, nacho ni rahisi kukifahamu. Birika laweza kuwa la saruji, la plastiki nene, au la bati lililopakwa zinki. Penye mwisho mmoja pana koki, na koki hiyo yafungwa na mkono wenye boya linaloelea. Maji yakipungua, boya hushuka na koki hufunguka. Yakipanda, boya hupanda na koki hufunga. Mafundi wengi huiita floti. Faida yake kubwa ni akiba: hata bomba likileta maji polepole, birika hujaa wakati ng'ombe wamelala wakicheua, na saa ya kiu ifikapo maji yapo tayari, ng'ombe hangoji bomba.

Lakini hata maboya si ya namna moja, na hili twaliomba lisomwe mara mbili. Ziko koki za boya zenye tundu dogo kwa maji yenye nguvu, na ziko zenye tundu pana kwa maji ya tangi la karibu. Tundu likiongezwa upana mara mbili, maji yapitayo huwa karibu mara nne; kwa hiyo mwenye tangi la kimo kidogo atake tundu pana. Mwenye tangi la juu sana asilitake, kwani msukumo utalishinda boya, nayo koki haitafunga kabisa. Tulimwona mfugaji mmoja aliyefunga koki ya tundu pana chini ya tangi lililo mlimani mbali. Usiku kucha birika lilifurika. Asubuhi tangi lilikuwa tupu, na mbele ya banda pamekuwa ziwa la tope. Na tope lile halikukauka kwa majuma mawili, ng'ombe wawili wakaoza kwato. Koki haikuwa mbovu. Ilikuwa koki njema mahali pasipo pake.

Ukubwa wa birika nao hupotosha watu wengi. Hudhani kubwa ndilo bora. Kwa ng'ombe wachache wa bandani, birika kubwa ni hasara: maji hukaa siku nyingi, huota ukungu wa kijani, mate na majani huoza ndani yake, na ng'ombe wa maziwa ana pua ya kuchagua kuliko tunavyodhani. Birika letu lina urefu wa mita moja na nusu. Ng'ombe wawili wanywa pamoja bila kugombana, kwa kuwa kila mmoja hutaka nafasi ya sentimita 60 hata 75. Ukingo wake uko juu ya ardhi kwa sentimita 70 hivi. Ukiwa chini ya hapo ng'ombe hutia miguu na kunyea ndani, ukiwa juu mno mtamba hafiki. Ndama wawekewe lao, fupi. Chini ya birika pana tundu lenye kizibo cha kumwagia maji machafu. Msinunue birika lisilo na kizibo, hata likiuzwa bei ya chini namna gani. Mtu akilazimika kuyachota maji yote kwa kopo kila anapotaka kusafisha, hatasafisha. Tena boya lifunikwe kwa kifuniko au vyuma, maana ng'ombe hulichezea kwa ulimi mpaka mkono uvunjike, na mbuzi ni mbaya zaidi.

Habari ya pipa lililokatwa katikati twaisema kwa ufupi. Pipa la mafuta safi ya kula latumika vema. Pipa lililokuwa na dawa ya mimea au ya kuogeshea lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Mbele ya birika pawekwe mawe au saruji, na maji yamwagikayo yapewe njia ya kwenda penye migomba au majani ya malisho. Maji yakituama huzaa mbu kwa watu, na mahali pa majimaji penye konokono ndipo wanyama wapatapo minyoo ya ini. Bomba lifukiwe ardhini. Bomba jeusi lililolazwa juani huchemsha maji, na ng'ombe aliyekwisha kuona joto hapendi maji ya moto.

Ndugu zetu wa nyikani, wenye makundi ya ng'ombe wa asili, watasema ya kuwa hayo yote ni mambo ya watu wa ng'ombe watatu. Ni kweli, hesabu yao ni nyingine. Kundi la ng'ombe 200 latoka malishoni na kufika penye maji pamoja, kwa vumbi na kelele, na kila mmoja ataka apewe kwanza. Tukikadiria lita 30 kwa ng'ombe mmoja, hizo ni lita 6,000 zitakiwazo kwa muda wa saa moja. Kisima kitoacho lita 2,000 kwa saa hakitaweza kamwe, hata birika likiwa na boya zuri namna gani. Hapo kitu cha kununua kwanza ni tangi la akiba, ambalo pampu ya jua hulijaza mchana kutwa wakati kundi liko malishoni. Kisha birika refu, la mita sita au saba, ng'ombe wanywe pande zote mbili, ishirini kwa mara moja. Na mwenye lambo azungushe ua, ayapitishe maji kwa bomba hadi birika lililo nje, chini ya tuta. Ng'ombe aingiaye lamboni hunywa na kunyea mahali pamoja, na miguu yake hulijaza lambo matope mpaka lisiwe na kina.

Kiko pia chombo kimoja kidogo ambacho huku kwetu hakijulikani sana, nasi twakipenda. Ni pampu ya pua. Haina tangi, umeme, wala mafuta. Ng'ombe husukuma ubao kwa pua yake, na kila asukumapo pampu huvuta maji kisimani na kumwaga kidogo, kama nusu lita, katika bakuli. Wafugaji wa Ulaya huitumia sana malishoni. Yafaa kwa ng'ombe wachache wenye kisima kifupi, lakini ina mpaka ambao mwuzaji hautaji. Pampu ivutayo maji kutoka chini haiwezi kupita kina cha mita 7 hivi, na katika nchi za juu kama zetu, ambako hewa ni nyepesi, wekeni mita 6. Kisima kikiwa na kina zaidi, ng'ombe atasukuma bure. Na ndama wadogo hawana nguvu ya kuisukuma; hao watekewe.

Msidanganywe na picha za mabirika yenye waya wa kupasha moto. Hayo yamefanywa kwa nchi za theluji kama Kanada, ili maji yasigande usiku. Mfugaji wa Moshi akilipia waya huo amelipia baridi ya watu wengine.

Kwa kuku na nguruwe hutumika chuchu za chuma, ambazo mnyama huzigusa au kuzing'ata. Ni safi kuliko sufuria. Ila nguruwe anyonyeshaye hutaka chuchu itoayo lita 2 kwa dakika, na kwa siku hunywa lita 20 hata 30. Chuchu ya watoto haimtoshi. Na jambo hili ni la hatari: nguruwe wakikosa maji siku nzima au zaidi kwa kuwa chuchu imeziba, wasipewe maji mengi kwa ghafula. Chumvi iliyojikusanya mwilini hufanya ubongo uvimbe, wakaanguka na kutetemeka na kufa. Wapewe kidogo kidogo, kwa vipimo, mpaka kiu iishe.

Neno hilo latupeleka kwenye swali tuliloulizwa na mzee mmoja wa kwetu siku alipokuja kulitazama birika letu jipya. Alisimama kitambo, akilibonyeza boya kwa fimbo na kuliona likipanda tena. Kisha akasema, "Mwanangu, zamani mtoto alipokuwa akileta ndoo, alimwona ng'ombe. Kitu hiki kikiumwa, kitamwambia nani?"

"Kweli, mzee," tukamjibu, "hakitamwambia mtu."

Basi tumemweka mtu. Kijana wetu hachukui ndoo tena, bali kila asubuhi kabla ya kwenda shule hupita bandani, huliminya boya chini kwa mkono na kusikiliza kama maji yaingia, kisha huliachia na kungoja mpaka yafunge. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Kila Jumamosi huvuta kizibo, husugua birika kwa brashi, na kuondoa majani na vyura. Katika tangi tumepiga mstari mwekundu penye kipimo cha lita 300, yaani maji ya siku moja na kidogo. Yakishuka hapo ni lazima tupewe habari usiku huo huo. Twajua ya kuwa lita 1,000 ni akiba ya siku tatu na nusu tu, na mwaka wa kiangazi haitoshi. Tunaweka fedha ya tangi la pili. Na kati ya tangi na birika fundi ametia koki ya kufungia, ambayo tulipojenga mara ya kwanza tuliiona gharama ya bure. Bila hiyo, siku boya likivunjika hapana budi kulimwaga tangi zima ili kulitengeneza.

Mabakuli yale manne tumeyauza kwa jirani mwenye tangi la mlimani. Alipima kwanza kwa ndoo.